Duara Lisilofungika: Habari za Hatua za Tano katika Muziki

Miongoni mwa maumbo ambayo mwanafunzi mgeni wa elimu ya muziki huonyeshwa mapema, hakuna lipendezalo macho kama duara la hatua za tano. Huchorwa mfano wa uso wa saa, nalo hubeba funguo kumi na mbili. C hukaa juu kabisa, pale ambapo akrabu mbili hukutana saa sita ya mchana; kuliani kwake huja G, kisha D, A na E; kushotoni huja F, kisha B fleti na E fleti. Kila hatua ya kulia huongeza shapu moja katika alama za ufunguo, na kila hatua ya kushoto huongeza fleti moja, mpaka pande zote mbili zinapokutana chini, mahali ambapo F shapu yenye shapu sita na G fleti yenye fleti sita hupigwa kwa kipande kimoja cha kinanda. Mwanafunzi hustaajabu, na kustaajabu kwake ni haki. Hapo ndipo aghalabu huambiwa maneno mawili: kwamba duara hili ni kanuni ya maumbile, na kwamba aliyeligundua ni Pythagoras wa Uyunani.

Maneno yote mawili si ya kweli. Pythagoras hakuchora duara hili, wala maumbile hayalijui. Lilichorwa na watu wa karne ya 17 na ya 18, nao waliweza kulichora kwa kuwa walikubali kulipa gharama fulani. Habari ya gharama hiyo ndiyo inayostahili kusimuliwa, kwa sababu mwanafunzi aliyefundishwa duara bila gharama yake hupata kipimo cha uongo, na kwa kipimo hicho huhukumu muziki wa watu wengine kuwa umekosa ulinganifu.

Yafaa kuanza na jambo lenyewe. Mtu akiimba do, re, mi, fa, so, na kuihesabu do kuwa ya kwanza, so huwa ya tano. Ndiyo sababu umbali uliopo baina ya sauti hizo mbili ukaitwa tano. Katika uzi wa udi umbali huo huonekana kwa macho. Uzi ukibanwa katikati, nusu yake hutoa sauti ileile ya kwanza lakini ya juu zaidi, umbali uitwao oktava. Uzi ukibanwa penye theluthi yake, zile theluthi mbili zilizobaki hutoa ya tano. Kwa lugha ya hesabu, oktava ni uwiano wa 2 kwa 1, na tano ni uwiano wa 3 kwa 2. Baada ya oktava hakuna umbali ambao sikio hulipokea kwa utulivu kama tano, na ndiyo maana watu wa nchi mbalimbali, pasipo kuambizana, waliutumia kuwa kamba ya kupimia.

Sasa mtu na apande kutoka C kwa hatua za tano: G, D, A, E, B, kisha F shapu, C shapu, G shapu, na kuendelea. Katika hatua ya kumi na mbili atafikia sauti ambayo jina lake halisi ni B shapu, na ambayo katika kinanda ni C ya juu, oktava saba kutoka pale alipoanzia. Kwa vidole amerejea nyumbani. Kwa hesabu hajarejea. Sauti ya kwanza ikihesabiwa kuwa moja, oktava saba huifikisha kwenye 128 kamili. Lakini hatua kumi na mbili za tano huifikisha kwenye 531,441 kugawanywa kwa 4,096, yaani karibu 129.75. Msafiri amepita mlango wa nyumba yake. Tofauti hiyo ni karibu robo ya nusu toni, nayo huitwa koma ya Pythagoras. Ni ndogo, lakini hata sikio lisilofundishwa huisikia.

Wala haisaidii kuongeza mwendo. Hesabu ya tano hujengwa kwa tatu, na hesabu ya oktava hujengwa kwa mbili. Tatu ikizidishwa kwa tatu, hata mara elfu, daima hutoa witiri. Mbili ikizidishwa kwa mbili daima hutoa shufwa. Witiri na shufwa haziwezi kuwa sawa, na kwa hiyo mwendo wa tano zilizo safi hauwezi kamwe kuangukia juu ya oktava. Umbo lake la kweli si duara. Ni mfano wa ngazi ya mnara izungukayo: mtu hupita juu ya mahali alipopita jana, ila hapiti mahali palepale.

Wazee wa kale walilijua jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya leo vya wanaoanza. Hadithi ya Pythagoras kupita karibu na kiwanda cha wahunzi, kusikia nyundo zikipatana, kuzipima na kukuta uzito wao ni 12, 9, 8 na 6, imesimuliwa na waandishi kwa karne nyingi. Haikuwa lazima kuiamini, maana nyundo hazilii kwa kadiri ya uzito wao namna hiyo. Na ule mfano wa pili wa hadithi, wa nyuzi zilizotundikiwa uzito huohuo, ulipingwa kwa majaribio na Vincenzo Galilei, baba wa mtaalamu wa nyota Galileo, mwishoni mwa karne ya 16. Kilicho hakika ni kwamba wanafunzi wa madhehebu ya Pythagoras walizijua nisbati za nyuzi, na kwamba Wayunani waliomfuata waliipima ile koma. Lakini Wababeli waliwatangulia katika kazi ya kulinganisha nyuzi: kipande cha udongo kilichoandikwa yapata miaka 1,800 kabla ya Kristo, kilichofukuliwa katika mji wa Ur, chaeleza jinsi ya kugeuza ulinganifu wa kinubi kwa kurekebisha uzi mmoja baada ya mwingine, kwa njia ya tano na nne.

Wachina nao walikwenda mbali zaidi. Kitabu cha Lü Buwei, kilichotungwa yapata mwaka 239 kabla ya Kristo, chatoa kanuni ya kupata sauti kumi na mbili: mwanzi hupunguzwa theluthi moja ya urefu wake, kisha huongezwa theluthi moja, hupunguzwa tena, huongezwa tena. Kufanya hivyo ni kwenda kwa hatua za tano, kwa kuteremka nne kila sauti inapokuwa juu mno. Jing Fang, aliyefariki mwaka 37 kabla ya Kristo, aliona kuwa mwendo huo haufungiki katika hatua ya kumi na mbili, akaendelea kuhesabu. Alipofika hatua ya 53 alikuta pengo limekuwa dogo mno, hata sikio haliwezi kulitambua kwa urahisi. Lakini lilikuwapo bado. Yeye hakusema kuwa duara limefungika. Aliendelea mpaka hatua ya 60. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu katika historia ya nadharia.

Huko Baghdad, katika karne ya 13, Safi al-Din al-Urmawi aliigawanya oktava katika sauti 17 kwa njia ya nne na tano, akaandika kitabu kiitwacho Kitab al-Adwar. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa neno hilo la mwisho, kwa kuwa asili yake ndiyo asili ya neno letu duara. Kitabu chake kina michoro ya duara, za ngazi za sauti na za mapigo, walakini duara la funguo zinazofuatana kwa tano halimo. Halikuwamo kwa sababu halikuhitajika. Mpiga udi hana vipande vilivyofungwa kama vya kinanda. Kidole chake huteleza juu ya uzi na kutafuta sauti mahali inapopaswa kuwa. Pengo la koma halimsumbui, kwa kuwa halazimiki kusimama juu ya sauti kumi na mbili zisizogeuka.

Aliyesumbuka ni mpiga kinanda wa Ulaya. Kinanda cha kanisa kina mabomba yaliyokwisha kukatwa, na bomba halirekebishwi katikati ya wimbo. Tena Wazungu wa karne ya 15 na ya 16 walizidi kuipenda sauti ya tatu, yaani mi juu ya do, na hapo likatokea pengo jingine. Hatua nne za tano safi kutoka C huleta E iliyo juu kupita ile E iliyo tamu, kwa uwiano wa 81 kwa 80. Wataalamu wakachagua. Pietro Aron wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka wa 1523, alieleza njia ya kuzipunguza tano kidogo ili tatu ziwe safi. Njia hiyo ilitawala vinanda kwa karne mbili hivi, na katika funguo zilizo karibu na C ilitoa utamu ambao kinanda cha leo hakiujui. Lakini deni halikufutwa. Lilikusanywa mahali pamoja. Tano kumi na moja zilipopunguzwa, ya kumi na mbili, ambayo aghalabu ilikuwa baina ya G shapu na E fleti, ilipanuka kwa zaidi ya theluthi ya nusu toni. Ilinguruma hata watu wakaiita mbwa mwitu. Mtunzi alikaa mbali na funguo zile kama mchungaji akaavyo mbali na msitu.

Katika hali kama hiyo nani angechora duara? Saa yenye nambari moja ambayo akrabu haithubutu kuigusa si saa.

Dawa ya hesabu ilikuwa imekwisha kupatikana, lakini si huko. Zhu Zaiyu, mwana wa ukoo wa kifalme wa Ming, aliyekataa kurithi cheo cha baba yake, alitoa katika mwaka wa 1584 hesabu kamili ya kuigawanya oktava katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa kabisa. Nambari yake ni ile ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake mara kumi na mbili hutoa mbili, yaani 1.059463 na tarakimu nyingine zisizokoma. Simon Stevin wa Uholanzi aliifikia kanuni hiyohiyo karibu na wakati uleule, lakini maandiko yake hayakupigwa chapa mpaka mwaka wa 1884. Hesabu, basi, ilikuwako. Watu waliokuwa tayari kuisikiliza ndio waliokosekana.

Duara la kwanza la hatua za tano linalojulikana halikutoka kwa mpiga kinanda. Lilitoka kwa mwalimu wa waimbaji. Nikolay Diletsky, mzaliwa wa Kyiv, aliandika katika miaka ya 1670 kitabu cha sarufi ya muziki kwa ajili ya kwaya za kanisa la Kiorthodoksi, zilizokuwa zikijifunza wakati huo kuimba kwa sauti nyingi pamoja. Aliugawanya muziki katika wa furaha, unaosimama juu ya do, mi, so, na wa huzuni, unaosimama juu ya re, fa, la. Kisha akaonyesha kwa mchoro wa mviringo jinsi wimbo uwezavyo kuhamishwa kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, tano baada ya tano, mpaka urejee ulikotoka. Jambo hili halikosi maana. Makanisa yale hayakutumia ala, na koo la mwanadamu halina mbwa mwitu. Waimbaji wakipita penye pengo hujirekebisha pasipo kujua, na duara hufungika vinywani mwao kwa unyenyekevu wa masikio. Nakala za kitabu ziliandikwa kwa mkono, wala hakikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1910. Kwa hiyo Ulaya ya magharibi haikujifunza kwake.

Ilijifunza kwa Johann David Heinichen. Huyu alizaliwa mwaka wa 1683 katika Ujerumani, akasoma muziki Leipzig kwa Johann Kuhnau, akasoma sheria pia na kufanya kazi ya uwakili kwa muda, kisha akaishia kuwa mkuu wa muziki katika jumba la mfalme huko Dresden. Mwaka wa 1711 alichapisha kitabu cha kuwafunza wapiga kinanda kazi ya kuandamana na waimbaji. Kazi hiyo ilikuwa ngumu: mpigaji alipewa mstari wa sauti za chini tu, wenye nambari juu yake, naye alitakiwa kuujaza papo hapo. Wimbo ukihama ufunguo, ilimpasa kujua njia. Heinichen akampa ramani, mduara wa muziki wenye funguo 24, kumi na mbili za meja na kumi na mbili za maina, zikifuatana kwa kupokezana: C meja, A maina, G meja, E maina, D meja, B maina, na kuendelea hata kurudi. Mwaka wa 1728, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, alikitoa upya kitabu hicho katika umbo kubwa la kurasa zaidi ya 900.

Mpango wake ulikuwa na kasoro, kwa kuwa uliziweka meja na maina katika mstari mmoja kana kwamba umbali baina yao ni wa namna moja. Johann Mattheson aliukosoa na kupendekeza mwingine. David Kellner, katika miaka ya 1730, aliweka meja katika mduara wa nje na maina katika mduara wa ndani, na huo ndio unaochorwa ubaoni mpaka leo. Walakini sifa ya Heinichen haipungui. Yeye hakutoa madai ya maumbile wala ya nyota. Alitengeneza chombo cha kazi kwa mtu mwenye haraka, naye alikitengeneza wakati ambapo kinanda chenyewe kilikuwa kimeanza kuruhusu safari. Andreas Werckmeister alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka wa 1681 na tena 1691, njia za kuligawa deni la koma juu ya tano kadhaa, kila moja ikichukua kipande chake, ili mbwa mwitu atoweke na funguo zote zipitike. Hazikuwa sawa zote. Zilizo karibu na C zilikuwa tulivu, na zilizo mbali zilikuwa kali, nao watunzi walizitumia tofauti hizo kama mpishi atumiavyo viungo.

Kitabu cha Johann Sebastian Bach cha mwaka wa 1722, chenye utangulizi na fuga katika kila ufunguo, kilitungwa kwa kinanda cha namna hiyo, kilicholinganishwa vizuri. Wengi husema kuwa Bach alikitunga kuthibitisha mgawanyo ulio sawa kabisa. Jina la kitabu halisemi hivyo. Tena hakuzipanga funguo zake kwa duara. Alipanda nusu toni baada ya nusu toni. Aliyefuata njia ya Heinichen ni Chopin. Yeye alisafiri hadi kisiwa cha Majorca mwaka wa 1838 akiwa na kitabu cha Bach, na tangulizi zake 24, zilizochapishwa mwaka wa 1839, zimefuatana C meja, A maina, G meja, E maina, hatua kwa hatua kama katika ule mduara wa 1711.

Mgawanyo ulio sawa uliingia polepole, na kutawala kwake kabisa ni jambo la karne ya 19 na ya 20, wakati piano zilipotengenezwa kwa wingi viwandani. Hapo deni liligawanywa kwa wote kwa haki: kila tano ilipunguzwa sehemu ya kumi na mbili ya koma, kiasi ambacho ni wachache wawezao kukisikia. Duara likafungika. Lakini kila tatu ya meja ilibaki juu kupita ile iliyo safi, kwa karibu sehemu ya saba ya nusu toni, na tofauti za funguo zilizokuwa viungo vya watunzi wa zamani zikatoweka. Hiyo ndiyo gharama. Huenda ilistahili kulipwa; haistahili kufichwa.

Katika Afrika ya Mashariki duara hili liliingia kwa mlango wa nyuma. Kwaya nyingi za misheni zilifundishwa kwa mtindo wa do-re-mi ulioenezwa na Mwingereza John Curwen (1816–1880), ambamo do huhama pamoja na ufunguo, na mwimbaji hana haja ya kuhesabu shapu wala fleti. Huo ni mtindo wenye busara kwa koo, na ndio sababu waimbaji hodari wengi waliweza kuimba katika funguo zote pasipo kuliona duara hata siku moja. Huko Unguja mambo yalikuwa mengine. Yasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Na chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka wa 1905, kwa jina lilelile la wanachuoni wa Basra wa karne ya 10, ambao katika nyaraka zao mmoja wauzungumzia muziki na nisbati za nyuzi. Ganuni na udi zilileta maqamu ambazo baadhi ya sauti zake hukaa baina ya vipande viwili vya piano. Hazimo katika duara, wala si kwa kuwa zimepotoka. Duara lilifungwa kwa kuziacha nje.

Swali hilo lilijadiliwa waziwazi katika mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka wa 1932, ambako Béla Bartók na Paul Hindemith walikuwa miongoni mwa wageni. Wengine walitaka oktava igawanywe katika sehemu 24 zilizo sawa, ili maqamu zote ziandikike na zipigwe kwa ala za vipande. Wengine walipinga kuwa sauti za maqamu hazikai mahali pamoja hata ziweze kupigiliwa misumari. Walitofautiana pia juu ya piano, wapo walioitaka na walioihofu. Mkutano ulikwisha pasipo kuafikiana.

Duara lilipatikana pwani pia, katika umbo ambalo wachache walilitambua. Kodiani, iliyokuja kuwa ala ya kawaida ya taarabu, ina vifungo vya sauti za chini upande wa mkono wa kushoto, na katika kodiani kubwa vifungo hivyo havifuatani kama vipande vya kinanda. Karibu na C upande mmoja yupo G, na upande wa pili yupo F. Karibu na G yupo D. Vyote vimepangwa kwa tano. Kidole kikiteleza juu yake kinatembea katika ramani ya Heinichen. Ila mtengenezaji hakuweza kukunja mstari wa vifungo kuwa mviringo, na kodiani yenye vifungo 120 ina safu 20 kwa sauti kumi na mbili tu. Sauti nane, basi, hurudiwa pembeni: mpigaji akifika mwisho wa safu hukuta sauti aliyokwisha kuipita, imekaa mahali pengine, kwa jina jingine.